Saa 4 za Wapi? Historia Fupi ya Kuandika Maelezo ya Chombo, Kutoka Cambridge 1949 hadi Mawakala wa Leo



Leo naomba mnivumilie nitoke kidogo kwenye mambo yetu tuliyoyazoea ya tenzi na nasaba na nani alitawala wapi. Nimekuja na historia ya kompyuta. Najua wapo watakaosema huyu naye keshapotea njia. Lakini nisomeni mpaka mwisho, manake historia hii imenifika mwenyewe mlangoni, na imenifika kwa kosa langu.

Mimi nakaa Uingereza miaka mingi sasa. Katika mji wetu tuna chama kidogo cha watu wa pwani, cha kuzikana na kuozana, kama vilivyo vyama vyenu huko mliko. Msimu wa joto uliopita niliwatengenezea wenzangu wakala wa akili mnemba (wengine wanasema akili bandia, si neno la kugombania). Yaani ni programu unayoiambia kwa maneno ya kawaida, "watangazie watu jambo fulani", nayo inachagua yenyewe chombo cha kutumia katika vile ulivyoipa. Mimi niliipa vitatu: cha kutafuta namba za simu za wanachama, cha kutuma ujumbe, na cha kuandika kwenye kalenda. Kila chombo lazima kiwe na jina na maelezo, na wakala anakijua chombo kwa maelezo hayo tu. Kile cha kutuma nilikiandikia hivi: "Hutuma tangazo la shughuli." Na chini yake: "saa: saa ya shughuli." Basi. Nikajiona fundi.

Akafariki mzee wetu mmoja. Katibu, dada wa watu ana msiba juu ya kichwa, akamwandikia wakala: "Tangaza maziko ya Mzee, kesho saa 4." Nyinyi nyote mnaosoma hapa mmeshaelewa ni wakati gani. Wakala alielewa vyengine. Ujumbe ulitoka kwa Kiingereza, kwa ajili ya vijana wetu wasiosoma Kiswahili, ukaandika kesho, 16:00.

Wengi walipigiana simu kama kawaida yetu, wakawahi asubuhi. Lakini marehemu alikuwa na rafiki yake waliyesoma skuli moja tangu utoto, anakaa mji mwengine, naye aliushika ule ujumbe kama ulivyo. Akapanda treni, akafika makaburini saa 9 na nusu mchana, ameona awahi nusu saa kabla. Akanipigia: "Mwanangu, nimefika. Mbona hapana mtu?" Alikuta udongo umeshamwagiwa maji. Nilichoweza kumwambia ni, "Mzee wangu, nisubiri hapo hapo, naja."

Tangu siku ile nimekuwa nikijiuliza kosa ni la nani. Kuilaumu mashine ni rahisi, na katibu wetu aliilaumu khasa. Lakini mashine ilisoma nilichokiandika, na nilichokiandika hakikusema kitu. Nikaanza kusoma wenzetu waliotangulia waliufanyaje mtihani huu, nikakuta kwamba ugonjwa wenyewe ulijulikana tangu kompyuta za mwanzo mwanzo.

KABATI LA CAMBRIDGE

Tarehe 6 Mei 1949, katika Chuo Kikuu cha Cambridge, mashine iliyoitwa EDSAC iliendesha programu yake ya kwanza. Aliyeongoza kazi alikuwa Maurice Wilkes. Mara tu mashine ilipoanza kufanya kazi wakaona shida: kila mtafiti anayekuja na hesabu zake anaandika upya mambo yale yale ambayo mwenzake aliyaandika jana, kutafuta kipeuo cha pili, kuchapisha namba na kadhalika. Wakaamua kuweka maktaba. Haikuwa maktaba ya vitabu. Ilikuwa ya vijiprogramu, kila kimoja kinafanya kazi yake moja, vimetobolewa kwenye tepe za karatasi na kuwekwa kabatini. Ukihitaji kimoja, unachukua tepe yake, unainakili kwenye tepe ya programu yako. Kufikia 1951 vilikuwa vimetimia 87.

Sasa hebu fikirini. Mtu anafungua kabati, mbele yake kuna tepe zenye matundu. Atajuaje ipi ni ya nini? Atajuaje namba aiweke wapi kabla ya kuita kijiprogramu, na jibu alikute wapi? Tundu halisemi. Kwa hivyo mwaka huo huo wa 1951 Wilkes na wenzake wawili, David Wheeler na Stanley Gill, walitoa kitabu cha kufundisha kazi hii, na ndani yake wakafanya jambo moja la maana sana: maelezo ya vijiprogramu wakayaweka sehemu yake, na programu zenyewe zikakaa sehemu nyengine. Mtumiaji asome maelezo, achukue tepe, aende zake. Hana haja ya kufungua tumbo la chombo.

Huyu Wheeler ndiye aliyebuni mbinu ya programu kurukia kijiprogramu kisha kurudi pale pale ilipotokea, mbinu ambayo hata leo wataalamu wanaitaja kwa jina lake. Fundi wa mafundi. Mwaka 1952 alikwenda Pittsburgh, Marekani, akatoa mada fupi juu ya vijiprogramu. Na humo alisema, kwa maana yake, kwamba hata ukishakimaliza kijiprogramu na ukakijaribu kikafanya kazi, bado imebaki kazi kubwa ya kuandika maelezo ili mtu asiyejua kilichomo ndani aweze kukitumia kwa wepesi, na kwamba kazi hii ya mwisho huenda ndiyo ngumu kuliko zote.

Mimi niliposoma hayo nilifunga kompyuta nikatoka nje kutembea. Huyu alikuwa anatoboa karatasi, na miaka zaidi ya 70 baadaye mimi nimeandika maneno manne nikajiona fundi.

KITABU KILICHOTAJA KASORO ZAKE

Twende mbele. Tarehe 3 Novemba 1971 ulitoka mwongozo wa kwanza wa mfumo wa UNIX, kazi ya Ken Thompson na Dennis Ritchie wa Bell Labs, Marekani. Wengi wenu mnaotumia kompyuta za vyuo mmeukuta mfumo huu au watoto wake. Mwongozo ule ulikuwa na utaratibu mmoja kwa kila amri: jina lake na kazi yake kwa mstari mmoja, namna ya kuiandika, maelezo, mafaili inayoyagusa, amri nyengine za kutazama, ujumbe wa makosa inayotoa, halafu kasoro zake.

Naomba tusimame hapo kwenye kasoro. Mtu ametengeneza kitu, anakupa, na katika karatasi ile ile anakwambia kitakuangusha wapi. Wauzaji hawafanyi hivyo. Lakini walioandika mwongozo ule walikuwa wanawaandikia wenzao wanaofanya kazi chumba cha pili, na mtu wa chumba cha pili akianguka atakuja kukugongea mlango. Wahenga wetu walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Chombo changu cha matangazo kilikuwa na kasoro ninayoijua: hakijui saa za Kiswahili. Niliijua, sikuiandika.

NAMBA UCHI

Kuna kisa kimoja kinachosimuliwa katika kila darasa la uhandisi, na wengine mtakuwa mmekisikia, nacho ni cha chombo cha angani Mars Climate Orbiter. Marekani walikipeleka kwenye sayari ya Mirihi, na tarehe 23 Septemba 1999 kikapotea kilipokuwa kinafika. Uchunguzi ulipofanywa ikaonekana programu moja ya hapa ardhini ilikuwa inatoa hesabu za msukumo kwa vipimo vya Kiingereza vya ratili, na programu iliyopokea hesabu zile ilizichukulia kuwa ni za kimetriki, yaani nyutoni. Tofauti baina ya vipimo hivyo viwili ni kama mara 4 na nusu hivi. Chombo kikashuka chini kuliko ilivyokusudiwa, na ndio ukawa mwisho wake.

Watu wakisimulia kisa hiki husahau jambo moja. Waraka wa makubaliano ulikuwapo, na ulisema wazi vipimo viwe vya kimetriki. Maelezo yalikuwa sahihi ila yalikaa kwenye waraka, na namba ikasafiri peke yake, uchi, bila ya jina la kipimo chake. Aliyeipokea hakuwa na cha kumshtua.

Na sisi Waswahili tunayo namba uchi yetu, nayo ni saa. Sisi tunahesabu kuanzia jua linapochomoza na linapokuchwa, Mzungu anahesabu kuanzia usiku wa manane na adhuhuri, na baina yetu kuna masaa 6. Saa 4 yetu ni 10:00 yake. Na si saa tu. Mpwani akikwambia "usiku wa Ijumaa" anakusudia usiku unaotangulia mchana wa Ijumaa, ambao kwa Mzungu bado ni Alkhamisi. Sisi wenyewe kwa wenyewe hatubabaiki, maana tunajua nani anasema na nani. Lakini mpe mgeni namba hiyo bila ya maelezo, atakuzikia maiti yako saa za jioni.

NDOTO YA 2001

Wengine wataniuliza, je, hawakuwahi watu kujaribu kuzieleza kompyuta vyombo kwa lugha ya kompyuta yenyewe, ili binadamu na maneno yake yenye utata atoke katikati? Walijaribu sana.

Mwezi wa Mei 2001 Tim Berners-Lee, mvumbuzi wa wavuti, na wenzake James Hendler na Ora Lassila waliandika makala katika gazeti la Scientific American. Makala inaanza na hadithi ya ndugu wawili ambao mama yao anahitaji matibabu ya viungo, na mawakala wa kompyuta wanapanga miadi wenyewe, wanatafuta waganga walio karibu, wanalinganisha nafasi za kila mtu. Miaka ile ile makampuni makubwa yalitengeneza lugha ya kuelezea huduma, WSDL, na tayari mwaka 2000 yalikuwa yameanzisha daftari la wazi la huduma lililoitwa UDDI, mfano wa kitabu cha namba za simu, ili programu itafute yenyewe chombo inachokihitaji.

Januari 2006 daftari lile la wazi lilifungwa. Sababu zilikuwa nyingi, lakini kwa maoni yangu iliyo kubwa ni hii. Lugha zile zilikuwa hodari wa kueleza umbo: hapa pana namba, pale pana maneno, hapa pana tarehe. Hazikuweza kueleza maana. Zingeliweza kusema "saa ni namba kati ya 0 na 23", na 16 ni namba kati ya 0 na 23, na rafiki wa marehemu angelichelewa vile vile. Mwisho wa yote alibaki binadamu, mwandishi wa programu, kusoma maelezo ya kawaida, kufahamu, kisha kuunganisha kwa mkono wake.

Tukumbuke hilo, maana ndipo mambo yalipogeuka. Kutoka kabati la 1951 mpaka miaka ya juzi, maelezo yaliyoandikwa kwa lugha ya watu yalisomwa na watu. Mashine haikuyagusa. Ukiandika vibaya, binadamu anakuna kichwa, anauliza, anajaribu kwanza, anarekebisha. Palikuwa na mtu katikati wa kuokoa uzembe wako.

MSOMAJI MPYA

Oktoba 2022 watafiti, Shunyu Yao na wenzake, walitoa mada ya mbinu waliyoiita ReAct, ambayo modeli ya lugha inafikiri kwa maneno, inatumia chombo, inatazama jibu, kisha inafikiri tena. Februari 2023 watafiti wa Meta wakatoa Toolformer, modeli iliyojifundisha wakati gani iite kikokotoo au kitafutio. Machi 2023 OpenAI wakafungua mlango wa viungo vya nje kwa ChatGPT, na hapa pana jambo la kumfurahisha mwanahistoria: faili la kukitambulisha kila kiungo lilikuwa na maelezo mawili, moja kwa binadamu na moja kwa modeli. Kwa ninavyojua mimi, ni mara ya kwanza fomu iliyotumika na watu wengi kumtenga msomaji mashine na kumwachia mstari wake mwenyewe wa maneno ya kawaida. Viungo vile vilikwisha fungwa 2024, lakini wazo lilibaki. Juni 2023 wakaleta namna ya mwandishi yeyote wa programu kuielezea modeli vyombo vyake, na Novemba 2024 kampuni ya Anthropic ikatoa utaratibu wa wazi uitwao Model Context Protocol, ili chombo kikielezwa mara moja kitumike na mawakala wa kila namna.

Kwa hiyo yule mtu wa katikati ameondoka. Msomaji wa maelezo sasa ni mashine, inasoma maneno yetu, inayafanyia kazi papo hapo, na mara nyingi haiulizi. Na haiwezi kuja kukugongea mlango.

Wanaofanya kazi hii kwa dhati wameanza kusema aliyoyasema Wheeler. Desemba 2024 Anthropic waliandika kwamba walipokuwa wanatengeneza wakala wa kurekebisha programu, walitumia muda mwingi zaidi kunyoosha vyombo kuliko kunyoosha maagizo makuu. Mfano waliotoa: wakala akihama kutoka folda moja kwenda nyengine alikuwa anakosea anwani za mafaili, kwa kuwa anwani ilihesabiwa kutoka pale aliposimama. Wakabadilisha chombo kiwe kinadai anwani kamili kila mara, kuanzia mzizi. Makosa yakaondoka. Ni sawasawa na mtu kukwambia "nyumba ya tatu kulia". Kulia kwa nani? Sema mtaa na namba ya nyumba.

Na upo ubaya pia. Aprili 2025 watafiti wa usalama walionesha kwamba mtu mbaya anaweza kuficha maagizo ndani ya maelezo ya chombo, mfano chombo cha kujumlisha namba ambacho maelezo yake yanamnong'oneza wakala akasome mafaili ya siri ya mwenyewe. Mtumiaji haoni kitu, wakala anasoma na kutii. Zamani maelezo mabovu yalikuwa uvivu tu. Sasa maelezo ni sehemu ya chombo chenyewe, na kama yana nguvu ya kufanya kheri yana nguvu ya kufanya shari.

NILIVYOANDIKA UPYA

Narudi kwenye chama chetu. Maelezo ya zamani mmeshayaona. Haya ndiyo niliyoyaandika baada ya msiba:

"Hutuma tangazo kwa wanachama wote kwa simu. Likishatoka halirudishwi. Tumia kwa maziko, khitma, arusi na mikutano tu. Kumjulisha mtu mmoja, usitumie chombo hiki. Saa: andika kwa masaa 24 ya Uingereza, mfano 10:00. Wanachama wetu husema saa za Kiswahili: saa 4 asubuhi ni 10:00, saa 10 jioni ni 16:00. Mtu akitaja saa bila ya kusema asubuhi, mchana, jioni au usiku, usikisie, muulize. Siku: 'usiku wa Ijumaa' kwa baadhi yetu ni Alkhamisi usiku, muulize vile vile. Kabla ya kutuma, msomee aliyeomba siku na saa kwa namna zote mbili, usubiri aseme ndiyo. Kasoro: chombo hakijui kama mtu amelipata tangazo."

Ni marefu, najua. Lakini yatazameni vizuri, kila sentensi ina mtu nyuma yake. Sentensi ya kazi na mipaka ni ya Cambridge. Kasoro ni ya mwongozo wa 1971. Kipimo kuandamana na namba ni funzo la Mirihi. Saa 4 asubuhi ni ya Mzee.

Kisha nikafanya jambo la pili, kwa sababu nimejifunza kwamba maelezo peke yake hayatoshi, kama waraka wa Mirihi ulivyokuwa hautoshi. Chombo chenyewe nimekibadilisha, sasa kina nafasi ya pili ya lazima, asubuhi, mchana, jioni au usiku, na zisipolingana na saa kinakataa kutuma. Palipowezekana kuliziba shimo nimeliziba, na palipobaki nimeandika.

Yupo mwenzetu mmoja aliniambia nisijisumbue, modeli zinazidi kuwa na akili kila mwaka, mwisho zitajua tu. Huenda. Lakini jueni kwamba hata binadamu mwenye akili timamu, mzaliwa wa mji huu, akiambiwa "tomorrow, saa 4" na mtu asiyemjua, hana njia ya kujua. Kilichokosekana si akili, ni khabari, na khabari ile alikuwa nayo mtu mmoja tu, mimi niliyeandika. Na sisi tunaoishi na saa mbili, kalenda mbili na lugha tatu ndani ya nyumba moja, nadhani tuna la kuchangia katika kazi hii kuliko wengi, maana tumekuwa wakalimani wa wazee wetu hospitalini na maofisini tangu utotoni. Tunajua neno lipi halivuki mto peke yake.

Ilipofika khitma ya arubaini nilimpigia simu yule Mzee mwenyewe, sikumwachia wakala. Nikamwambia, "Mzee wangu, ni Jumamosi, saa 4." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Saa 4 za wapi, mwanangu?"

Nikamjibu sawasawa, na alikuja, alikaa safu ya mbele. Lakini swali lake nimeliandika kwenye karatasi na kulibandika juu ya meza yangu ya kazi, na kila nikiandika maelezo ya chombo huyasoma kana kwamba ni yeye anayasoma, amesimama kituoni na tiketi yake mkononi.

Naomba kukosolewa nilipokosea, na wenye kumbukumbu za mambo haya katika kazi zenu watuongezee.